Shangazi na Moto Usio na Masizi

Shavu la kulia la shangazi yangu ni jeusi kuliko la kushoto, na ngozi ya upande huo imekazana kama ya ngoma. Watoto wa mtaani kwake wakimwuliza, huwaambia amelalia ubavu mmoja tangu azaliwe. Ukweli ni kwamba kwa miaka ishirini na sita alikuwa akiupa moto shavu hilo.

Ni mhudumu wa boila katika kiwanda cha blanketi. Boila lenyewe ni pipa la chuma lililolazwa, refu kama lori, limejaa maji. Ndani ya maji hayo kuna handaki la chuma, na humo handakini ndimo moto unamowaka. Gesi za moto zikifika mwisho wa handaki hugeuka na kurudi mbele kupitia mabomba membamba themanini, halafu hutoka kwa bomba la moshi. Mabomba hayo yameshikiliwa nyuma na bamba moja nene la chuma lenye matundu kama chujio. Upande mmoja wa bamba ni moto, upande wa pili ni maji yenye presha. Bamba likishindwa, maji hayo huwa mvuke papo hapo, na mvuke hutafuta pa kutokea. Pa kutokea ni mlango wa nyuma.

Mlango wa nyuma ndipo shangazi alipoweka kigoda chake.

Alipapenda hapo kwa sababu ya kioo cha kuchungulia, kidogo kama kisahani, kilicho katikati ya mlango. Wenzake wa viwanda vingine hutazama moto kwa macho. Yeye alifungua kifuniko, akageuza uso kando kama mtu anayesikiliza siri, akasogeza shavu hadi shubiri mbili kutoka kwenye kioo, akahesabu kimoyomoyo mpaka tano. "Leo amepoa," angesema, au, "Leo ana hasira." Kisha angekwenda mbele kuongeza au kupunguza mafuta. Alifanya hivyo mara nane kwa siku, na hakuna aliyewahi kumkosoa, maana mvuke wa shangazi haukuwahi kupungua wala kuzidi.

Wanawake wa chumba cha rangi walimwita Mke wa Boila.

"Mume gani huyo asiyekoroma?" walimtania.

"Anakoroma sana. Nyinyi hamjalala naye."

Mume wake halisi alifariki nikiwa darasa la pili, na mwaka huohuo akanichukua nikaishi naye. Nimekulia katika nyumba inayonuka mafuta mazito. Nguo zake zilifuliwa peke yake, kwenye beseni lake, na hata hivyo masizi yalituachia alama kwenye mito. Sikuwa mtoto wa maneno. Yeye aliongea kwa ajili yetu sote wawili, na alipokuwa kazini nilisoma.

Nilipofika chuo kikuu na akaniuliza nasomea nini hasa, nilimwambia nasomea jinsi moto unavyompiga mtu shavu kabla hajaugusa. Alicheka mpaka akakohoa.

"Chuo kizima, mwanangu! Na shavu lenyewe ninalo mimi."

Lakini nilikuwa nasema kweli. Joto la moto husafiri kwa mionzi, bila kugusa kitu njiani, na kazi yangu ilikuwa kuihesabu mionzi hiyo kwa kompyuta. Nililigawa handaki la moto katika vyumba kumi na viwili vya kufikirika, nikahesabu kila chumba kinarusha joto kiasi gani kwa ukuta na kwa vyumba vingine, na gesi zinabaki na joto gani zikifika mwisho. Boila nililochagua kwa mfano lilikuwa la shangazi. Vipimo vyake alinipa mwenyewe, amevichukua kwa kamba na kuvifunga mafundo.

Kinachofanya kazi kubwa ndani ya moto wa mafuta mazito ni masizi. Hayo masizi tunayoyalaani kwenye mito, yakiwa bado motoni, ni chembe ndogo zisizohesabika zinazong'aa kwa joto, na ule unjano wa moto unatokana nazo. Chembe ngumu kama hiyo hurusha mionzi ya kila aina, kama kwaya yenye sauti zote. Gesi zilizoungua, yaani kaboni dioksidi na mvuke wa maji, zinajua noti chache tu. Kwa mionzi mingine yote ni kama hazipo. Ndiyo maana moto wenye masizi hutoa joto lake mapema, pale handakini, na moto usio na masizi hubeba sehemu kubwa ya joto hilo hadi nyuma.

Mwaka jana kiwanda kiliacha mafuta mazito kikahamia gesi.

Fundi wa gesi alikuja na ovaroli safi kiasi kwamba shangazi alimwuliza kama ameitwa harusini. Akafunga kichomeo kipya chenye kifundo cha namba, moja mpaka kumi, akakiweka kwenye sita.

"Usikiguse, mama. Sita inatosha."

"Na nikiona hakitoshi?"

"Kitatosha. Kitu kingine: gesi ina jasho. Asubuhi boila likiwa baridi utaona matone chini ya mlango wa nyuma. Pangusa tu, usihangaike."

Alipoondoka, shangazi alifungua kifuniko cha kioo. Moto ulikuwa wa buluu, mwembamba, karibu hauonekani. Akaweka shavu. Akahesabu mpaka tano, akahesabu mpaka kumi. Baadaye aliniambia ilikuwa kama kuegemea ukuta wa kivulini. Akaenda mbele akakizungusha kifundo hadi saba, akarudi. Akakizungusha hadi nane. Hapo shavu likaanza kumwambia kitu, si kama zamani, lakini kitu.

Mvuke ukawa mwingi. Meneja alifurahi, akaongeza pipa la tatu la kutia rangi, na kuanzia siku hiyo nane ikawa haigusiki.

Jioni moja shangazi alinipigia. "Profesa, moto usioonekana ni moto?"

"Ni moto, shangazi."

"Nimempandisha mpaka nane. Hakuna neno?"

Nilimwambia nitatazama. Kesho yake nikabadilisha kuni za ule moto wangu wa kompyuta: nikaondoa mafuta, nikaingiza gesi, nikaweka kiasi cha nane, nikasubiri dakika chache. Jibu likaja kwamba gesi zinafika kwenye bamba zikiwa na nyuzi mia tisa na sitini. Bamba la aina ile halipaswi kukutana na gesi ya zaidi ya nyuzi elfu moja na hamsini. Nikampigia.

"Salama," nilisema.

"Nilijua. Asante, mwanangu."

Wiki tano zilipita. Jumatano asubuhi nilikuwa naandaa jedwali la sura ya nne ya tasnifu yangu, kazi ya kunakili tu, na nikafungua faili dogo ambalo huwa silifungui. Ndilo lenye kiwango cha masizi. Nililitenga na mengine mwanzoni ili nisilichanganye, kisha nikalisahau. Lilikuwa bado na namba ya mafuta mazito. Moto wangu wa gesi, ule niliousema salama, ulikuwa umejaa masizi ambayo hayapo.

Nikaandika sifuri. Dakika chache zile nilizikaa nikiwa nimeshika ukingo wa meza, nikimwomba Mungu namba isipande sana.

Ilipanda hadi elfu moja mia moja na tisini.

Nilitoka chumba cha kompyuta nikapiga simu. Iliita mara nyingi.

"Profesa! Saa nne hii hamna kazi huko?"

"Shangazi, shikamoo. Uko wapi?"

"Marahaba. Nitakuwa wapi tena? Niko nyuma ya mume wangu."

"Ondoka hapo."

"Heh! Wivu tena?"

"Shangazi, nakuomba. Nenda mbele."

"Mbele kuna feni, sitakusikia. Sema."

Sikujua nianzie wapi. Nikakumbuka lile jasho. "Yale matone ya asubuhi bado yapo?"

"Yapo, na yameongezeka. Siku hizi analowa kama mcheza mpira. Nakinga kwa kopo."

"Yakikauka yanaacha nini?"

"Yanaacha unga. Unga mweupe, mgumu. Nakwangua kwa kisu."

Jasho la gesi ni maji yaliyozaliwa na moto; ni kama umande, yakikauka hayaachi kitu. Unga mweupe ni chumvi, na chumvi imo kwenye maji ya ndani ya boila tu. Boila lilikuwa linavuja kupitia bamba. Likiwa baridi nyufa zilifunguka na kudondosha. Likipata moto chuma kilivimba na kuziba, na shangazi akakaa kwenye kigoda chake akidhani mambo ni mazuri.

Nilimwambia hayo kwa sentensi fupi fupi. Sikusikia cheko. Nilisikia anavuta pumzi.

"Usikate simu," alisema, kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala.

Nikasikia kigoda kikikwaruza sakafu. Nikasikia hatua, si za haraka, moja, moja. Njia ya kutoka nyuma kwenda mbele inapita kati ya mlango ule na ukuta, na ni nyembamba kiasi cha kulazimisha mtu apite kwa ubavu. Nilikuwa nimesimama kwenye korido, wanafunzi wananipita na vitabu, na nilikuwa nimeziba mdomo kwa kiganja. Kisha kelele ya feni ikaja. Kisha mlio mfupi wa kitufe, na baada yake kitu nilichokuwa sijawahi kukisikia simuni kutoka chumba kile, kimya: moto umezimwa.

"Nimezima," alisema. "Sasa njoo, maana wataniuliza kwa nini."

Nilipanda pikipiki. Dakika arobaini njiani nilijiambia mambo mengi, na jambo moja lilirudi kila tulipopunguza mwendo: ulisema salama.

Nilipofika, chumba cha boila kilikuwa na watu wawili. Meneja alikuwa ameshika simu mkono mmoja, mkono wa pili umenyooka kuelekea kitufe cha kuwashia. Shangazi alikuwa amesimama katikati, mgongo wake umekifunika kitufe.

"Mama, mapipa matatu yamejaa sufu. Rangi itaingia mabakamabaka. Boila halijapiga kelele, geji iko sawa, na wewe unazima kwa kupigiwa simu?"

"Nimezima moto, sijafunga mvuke. Uliobaki utamaliza hayo mapipa, na presha itashuka taratibu. Ndivyo ninavyotaka."

"Nani amesema?"

"Huyu. Mtoto wa kaka yangu. Anasomea moto."

Meneja akanitazama. Mimi si mtu wa kutazamwa. "Anasomea moto," alisema. "Mimi nauza blanketi."

Geji ya presha bado ilionyesha saba. Kutoka nyuma ya boila kulikuja mlio mdogo, tik, wa chuma kinachoanza kupoa. Kisha mwingine. Wote watatu tuliusikia, na wote tulijifanya hatujausikia.

"Kuna unga," nilisema hatimaye, kwa sauti niliyoichukia. "Unga mweupe, chini ya mlango. Ni maji ya ndani."

"Ni jasho. Fundi alisema."

"Jasho la gesi halina chumvi."

Shangazi akasogea pembeni, akakiacha kitufe wazi.

"Basi washa wewe, baba. Hicho hapo. Lakini ukishawasha, nenda kakae kwenye kigoda changu, angalau kwa muda wa mimi kunywa chai."

Meneja alitazama kitufe. Alitazama njia ile nyembamba. Tik, chuma kikasema. Akashusha mkono, akasema lazima ampigie mwenye kiwanda kwanza, akatoka kwa hatua za mtu ambaye hataki kuonekana anakimbia.

Tulibaki nje, kwenye ngazi, tukisubiri geji ishuke. Kila robo saa shangazi aliingia peke yake kusoma geji na kuangalia maji. Alinikataza kumfuata. Kila alipoingia nilihesabu, na kila alipotoka nilianza kupumua tena. Mara ya tatu nilimwambia tumwage maji baridi, tumalize. Akanikemea: chuma kilichopata joto hakimwagiwi baridi, kitapasuka mikononi mwetu; kinaachwa kipoe kwa radhi yake.

Baadaye nikamwambia ukweli wote, kuhusu faili na masizi na ile namba ya kwanza. Hakunitazama.

"Ulisema salama," alisema.

"Ndiyo."

"Nilipokuwa pale nyuma wiki hizi zote, kuna siku roho ilikuwa inaniambia kuna jambo. Nikasema, mtoto amepiga hesabu."

Akajigusa uso.

"Lakini na mimi nilikuwa natafuta moto ule wa zamani. Naongeza, naongeza, mpaka aniunguze kama alivyozoea. Wewe umeyasahau masizi kwenye karatasi, mimi nimeyasahau shavuni. Tumlaumu nani?"

Nilimweleza kwamba shavu halikumdanganya. Moto ule ulikuwa haurushi mionzi mingi kweli, na kile kioo nacho huzuia sehemu kubwa ya mionzi ya gesi. Joto lilikuwepo, limepita tu bila kumsalimia, likaenda kuliangukia bamba. Alisikiliza kwa makini. Aliniuliza maswali mawili ambayo mwalimu wangu hajawahi kuniuliza.

Mlango wa nyuma ulifunguliwa kesho yake mchana, chuma kikiwa vuguvugu. Meneja alikuja, na fundi wa gesi, ovaroli yake sasa ina doa. Fundi alitaka kuingia, shangazi akamshika bega.

"Ninaingia mimi. Nyumba yangu."

Aliingia kwa magoti na tochi. Tuliona nyayo zake tu. Mwanga wa tochi ulitembea kutoka kushoto kwenda kulia, ukasimama, ukarudi, ukasimama. Kisha ukaanza kutetemeka.

"Nitoeni," alisema.

Tulimvuta. Alikaa sakafuni na miguu imenyooka mbele yake kama mtoto. Nikaichukua tochi mkononi mwake.

Meneja akainama akaingia, tai imemning'inia. Alikaa humo muda mfupi sana. Aliponipisha nami nikaona: kati ya tundu na tundu, nyufa nyembamba kama nywele, nyingi, na chini kulia mmoja mrefu kuliko kidole changu cha kati, umeota chumvi kandokando. Kwa mstari ulionyooka, kutoka ufa ule hadi kigoda, ilikuwa kama mita moja na nusu.

"Tunaweza kuchomelea," Meneja alisema, akijipangusa mikono. "Tuchomelee, Jumatatu tuwashe. Kwenye saba, tuseme."

"Mimi siwashi," shangazi alisema kutoka sakafuni.

"Mama—"

"Nimeogopa." Alilisema kama mtu anayejaribu kiatu kigeni. "Sikiliza, baba. Sijawahi kukuambia hivyo. Nimeogopa, na ninakuambia mbele ya watu. Tafuta bamba jipya. La sivyo tafuta mke mwingine."

Fundi wa gesi, ambaye tulidhani yuko upande wa Meneja, akasema kwa sauti ndogo kwamba bamba lenye nyufa nyingi kiasi hicho halichomelewi, na kwamba yeye hataweka sahihi yake. Meneja aliwatazama wote wawili. Hakuna aliyejitolea kuwasha, na yeye mwenyewe alikuwa ametoka kuiona chumvi ile kwa macho yake.

Bamba jipya lilichukua siku kumi na tisa. Pipa la tatu liliondolewa. Kifundo kilirudi kwenye sita, fundi akakipigilia pini, na kwenye njia ya moshi kukafungwa kipimajoto chenye uso mkubwa, unaosomeka kutoka mlangoni. Hesabu zangu nilizirudia mara nne, kwa masizi sifuri, na mwalimu wangu akazirudia bila kutazama zangu. Nyuzi elfu moja na arobaini kwenye bamba kwa kifundo cha sita. Iko karibu na mpaka kuliko ninavyopenda. Nilimwambia shangazi hivyohivyo, namba na mashaka yake yote, na sikutumia tena lile neno la kwanza.

Siku ya kuwasha alinifukuza hadi getini. Nilisimama na mlinzi, nikasikia feni ikianza, kisha ule mguno wa moto unaposhika. Mlinzi aliniuliza kama naumwa.

Bado anafanya kazi pale. Ana miaka mitatu mbele yake kabla ya kustaafu, na anasema ataimaliza, maana hajui kazi nyingine na hataki kuonewa huruma. Lakini amekuwa mtu anayeogopa. Chumbani humo hatembei tena akiimba. Nyumbani, mfuniko wa sufuria ukiruka, anaruka nao, kisha anajicheka, kisha hacheki.

Tumekubaliana kwamba kila siku ya kazi, saa nne, nitampigia. Hatuongei. Anasema "Nipo," nasema "Haya," tunakata. Juzi iliita mpaka ikakata yenyewe. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikakata. Nilikuwa nimeshafika kwenye ngazi za chuo, begi limebaki mezani, kiatu kimoja hakijafungwa kamba, nikimpungia mkono mwenye pikipiki, ndipo simu ikaita mkononi mwangu.

"Nilikuwa msalani," alisema. "Nawe umetokea wapi na pumzi hizo?"

"Nipo tu, shangazi."

"Haya. Rudi ukasome."

Nilikaa hapo kwenye ngazi nikafunga kamba ya kiatu, ndipo nikarudi ndani.